Altezza ya Mwaloni: nguvu farasi 210 zilipotelea wapi

Mwenye gari anafanya biashara ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Gari ni Toyota Altezza RS200 ya gia sita za mkono. Lilishushwa bandari ya Dar es Salaam, likaendeshwa hadi Mwanza. Alikuja gerejini kwetu Nyakato na maneno mawili. La kwanza, gari halivuti kama lilivyovuta siku alipolijaribu Dar. La pili, anataka turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Gereji moja ilishampa makadirio: turbo ya Kichina, mabomba yake, kipoza hewa cha kukaa mbele ya rejeta, jumla milioni saba na nusu, na kazi ingekwisha ndani ya wiki. Kwetu alitaka kujua jambo moja tu, kama bei ile ni ya haki.

Bei haikuwa mbaya. Kilichonisumbua ni kwamba hakuna aliyeipima injini kabla ya kuamua kuibebesha mzigo. Hii ni injini inayotafuta nguvu zake juu kabisa kwenye raundi, yaani mizunguko yake kwa dakika, na injini ya namna hiyo ukiikosea hesabu haikuonyi mara mbili. Nikamwambia, "Kaka, nipe gari kwanza nijue lina nini, halafu tutazungumza habari ya turbo." Hakufurahi, lakini aliliacha.

Tulianza na chesesi namba, kwa sababu hapa mjini Altezza nyingi zimebandikwa nembo ya RS200 na siyo. SXE10 ndiyo RS200 yenye injini ya silinda nne, 3S-GE. GXE10 ni AS200, silinda sita, 1G-FE, yenye nguvu farasi 160. Hii ilikuwa SXE10 halali.

Injini inayoishi juu

3S-GE ya Altezza, Toyota wenyewe waliipa jina la BEAMS, ilikuja na gari hili mwaka 1998. Ukoo wa 3S-GE kichwa chake kilibuniwa kwa ushirikiano na Yamaha, watu wanaojua kuifanya injini ipumue. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,998. Silinda ina upana wa milimita 86, na pistoni inatembea milimita 86 vilevile. Kompresheni, yaani kiasi ambacho pistoni inabana hewa na petroli, ni 11.5 kwa 1, ambayo kwa injini ya petroli ya miaka ile ni kubwa. Kamshafti zote mbili zinazofungua valvu, ya kuingiza na ya kutoa, zina VVT-i, mfumo wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, na kwenye toleo la gia za mkono valvu ni za titani ili zifuate kamshafti kwenye raundi kubwa bila kuchelewa.

Kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 210 kwenye raundi 7,600, na toki, yaani msukumo wa kuzungusha, ya Nm 216 kwenye raundi 6,400. Watu husoma hizo namba mbili kisha wanakumbuka ya kwanza tu, wakati habari iko katikati yake. Toki ukiizidisha kwa raundi, ukagawanya kwa 7,024, unapata nguvu farasi za Kijapani. Kwenye raundi 6,400, Nm 216 zinatoa nguvu farasi 197. Ukifika 7,600 nguvu ni 210, na ukirudisha hesabu nyuma utaona toki imeshashuka hadi Nm 194. Maana yake injini inasukuma kwa udhaifu zaidi kila mzunguko, ila inazunguka mara nyingi zaidi kwa dakika, na wingi huo ndio unaoshinda.

Kwa hiyo ukiwa na Altezza hii na unabadilisha gia kwenye raundi 4,000 kwa kuionea huruma, nguvu ulizolipia hujawahi kuzitumia. Na chochote kinachoizuia kupumua kule juu kinakula mahali penye utajiri wake wote. Pale chini, ukiwa kwenye foleni ya Kenyatta Road, huwezi kugundua kitu.

Ziwa lenyewe linadai fungu lake

Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hakuna mtaa wa Mwanza ulio chini ya hapo. Kwenye mwinuko huo presha ya hewa ni karibu kilopaskali 88, wakati pale Dar ni 101. Gari lolote lenye sensa ya presha kwenye manifoldi litakuonyesha hivyo: washa swichi bila kuwasha injini, soma mashine ya daignosisi, utaona 88 au jirani yake. Ni asilimia 87 ya hewa ya pwani.

Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo. Hewa ikipungua kwa asilimia 13, petroli inayoweza kuchomwa nayo inapungua kiasi hichohicho. Zile 210 za kwenye karatasi, gari likiwa zima kabisa, likishafika Mwanza linabaki na 180 na kitu. Mteja wetu hakuwa anaota. Gari lilipoteza nguvu njiani, likipanda kutoka pwani kupita Dodoma na Singida, na hakuna fundi wa kulaumiwa kwa hilo. Hii pia ndiyo hoja nzuri kuliko zote ya kufunga turbo kanda yetu, na anayeuza turbo mwenye akili angeanza nayo. Turbo inarudisha hewa iliyobaki kule pwani.

Mwinuko una hila nyingine ambayo nimeona ikiua injini nzima bila kosa. Unapopima kompresheni kwa geji, namba unayopata inategemea hewa iliyokuwepo kabla pistoni haijaanza kubana. Tuseme kitabu kinataka psi 200, na kitabu kimeandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Injini ileile, ikiwa na afya ileile, hapa Mwanza itasoma kama 175. Fundi asiyejua hilo anatikisa kichwa, anasema ringi zimekwisha, mteja analipia ovaholi ambayo haikuhitajika. Na mteja huyu alikuwa ameshaambiwa hivyo na mtu.

Sisi tulipata 175, 173, 176, na silinda ya nne 160. Tatu za kwanza ni nzima kwa hapa tulipo. Ya nne iko chini kwa karibu asilimia 9. Tulipomwagia oili kidogo kwenye tundu la plagi na kupima tena ikapanda hadi 171, ishara kwamba uvujaji uko kwenye ringi na siyo kwenye valvu. Haijafika mahali pa kufungua injini. Lakini ni silinda ambayo sitaki kuiongezea presha hata kidogo, na matokeo hayo yakaandikwa kwenye karatasi ya kazi kwa kalamu nyekundu.

Moshi wa bluu

Hapa ndipo kisa kilipokaa vizuri. Ukikanyaga resi gari lilikuwa linatoa moshi wa bluu mwepesi. Ukiuunganisha na silinda ya nne, hukumu inakuja yenyewe: inakula oili. Ila kijiti cha oili kilikuwa kimejaa, na mwenye gari alikuwa na uhakika kwamba haongezi oili kati ya sevisi moja na nyingine. Plagi nazo tulipozitoa, zote nne zilikuwa na weusi wa mafuta unaolowana, siyo ile ya silinda ya nne peke yake. Ringi za silinda moja haziwezi kuchafua plagi nne kwa usawa.

Tukashusha petroli kutoka kwenye tangi, tukaiweka kwenye chupa nyeupe. Ilikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, na ukiisugua kati ya vidole inateleza.

"Kaka, petroli unaweka wapi?"

"Sheli. Mara nyingine nikiwahi Mwaloni alfajiri nachota kwenye pipa la mtumbwi."

Mashine za mitumbwi mingi ya ziwani ni za mipigo miwili, na petroli yake huchanganywa na oili kabla ya kutiwa kwenye tangi, kwa kawaida lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, na wavuvi wengi huongeza kidogo "kwa usalama". Mashine ya mtumbwi inaihitaji hiyo oili, kwa kuwa haina njia nyingine ya kulainisha beringi zake. Ndani ya 3S-GE ni sumu ya taratibu. Oili ndani ya petroli inashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe, mlipuko ambao mafundi tunauita kugonga, na injini hii ilitengenezwa kwa petroli bora ya Japani, ile ambayo kwenye pampu za kule huwa oktani 98 hadi 100. Inaacha kaboni juu ya pistoni, na kaboni ikijaa, nafasi ya kuchomea inapungua, kompresheni inapanda juu ya 11.5 bila wewe kutaka. Sensa inayosikiliza kugonga ikisikia, kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini. Moto ukichelewa, nguvu zinakwenda.

Halafu tukafuata njia ya moshi ule hadi mwisho wake. Plagi zilizolowa zinakosa kuwasha, na koili ya silinda ya pili nayo ilikuwa imechoka. Kila plagi inapokosa, petroli mbichi inakwenda kwenye ekzosi na kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi chenye matundu madogomadogo. Tulifungua sensa ya oksijeni ya mbele, tukafunga geji mahali pake. Injini ikiwa kwenye raundi 3,000, gari limesimama, geji ilisoma psi 5. Kwenye gari zima hutegemea kuona psi 2 hivi au pungufu. Tukayashusha masega na kuyamulika na tochi. Upande mmoja wa matundu ulikuwa umeyeyuka ukawa kitu kimoja, kigumu, cha rangi ya majivu, na mwanga ulikuwa unapita sehemu chini ya nusu.

Injini inayoishi kwenye raundi 7,000 ilikuwa inapumulia nusu ya bomba lake.

Mengine yaliyopatikana ni ya kawaida, nayapitia haraka. Kichujio cha hewa kilikuwa kile cha umbo la koni, kimefungwa wazi juu ya injini, kinavuta hewa ya moto ya ndani ya boneti. Kwenye mwendo wa taratibu mjini kipimajoto chetu kilisoma nyuzi 58 kwenye mdomo wake. Rejeta upande wa mbele ilikuwa imezibwa na wadudu wa ziwani, yale mawingu madogomadogo yanayokuja jioni, yamekauka katikati ya mapezi kama magamba. Anayeendesha usiku kandokando ya ziwa na asipige maji rejeta kila baada ya muda, gari lake litachemka tu. Rimu zilikuwa za inchi 18, nzito, badala ya 17 za kiwandani. Na oili ilikuwa 20W-50.

Hiyo oili inastahili sentensi zaidi. VVT-i haina mkono wa chuma unaoisogeza kamshafti. Inasukumwa na presha ya oili inayopita kwenye valvu ndogo ya umeme, na kabla ya valvu kuna kichujio cha wavu kisichozidi ncha ya kidole. Kupitisha 20W-50 ya baridi pale ni sawa na kupitisha uji wa ulezi kwenye chujio la chai. Chetu kilikuwa kimejaa tope jeusi. Kamshafti ya kuingiza ilikuwa inachelewa kufika mahali inapoagizwa na kompyuta, na mashine ya daignosisi ilionyesha hivyo waziwazi tulipoitazama ikiwa inafanya kazi. Mafundi wetu hupenda oili nzito kwa imani kwamba injini ya zamani inahitaji kufunikwa. Kwa injini yenye VVT-i, fuata namba ya kitabu.

Kulikuwa na kitu kimoja cha kuchekesha. Kwenye waya wa sensa ya joto la hewa tulikuta kiboksi cheusi chenye nembo ya rangi ya dhahabu, "chipu ya nguvu" aliyouziwa kwa laki na kitu. Tulikipasua mbele yake. Ndani mlikuwa na rezista moja, ile ya shilingi mia. Kazi yake ni kuidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi ili imwage petroli zaidi. Gari linanuka petroli, mwenye gari anaamini limechangamka, na masega yanapata mzigo mwingine juu ya ule wa mapipa ya mtumbwi.

Kwa nini nilisema hapana kwa turbo

Hesabu ya ile gereji haikuwa ya kitoto. Presha ya nusu ba, yaani kilopaskali 50, juu ya 88 za hapa ni 138. Ni hewa zaidi kwa asilimia 57 kuliko anayopata sasa. Hata ukitoa hasara za joto na msuguano, kuahidi nguvu farasi 250 na zaidi siyo uongo wa karatasini.

Tatizo liko kwenye 11.5. Toyota hiyohiyo ilikuwa na 3S ya turbo, 3S-GTE, na ile iliyofungwa kwenye Caldina GT-T ilitoa nguvu farasi 260. Kompresheni yake waliishusha hadi 9 kwa 1, wakaweka vijito vya oili vinavyopoza pistoni kutoka chini, na kompyuta yake ina ramani ya kujua turbo inasukuma kiasi gani. Wenye kiwanda, wenye maabara na petroli ya oktani 100 mlangoni, hawakuthubutu kuweka turbo kwenye 11.5. Makadirio aliyoletewa mteja hayakuwa na pistoni mpya, hayakuwa na kompyuta mpya. Petroli ya ziada ingetoka kwenye regyuleta ya kupandisha presha ya pampu, na moto wa plagi ungebaki ule wa kiwandani. Injini ingegonga kwenye raundi 7,000, ambako sauti ya ekzosi inafunika kila kitu, na kugonga kule juu kunavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Silinda ya nne tayari tunajua habari zake.

Akauliza swali la pili, ambalo vijana wengi huuliza: basi tupandishe ukomo wa raundi hadi 8,500, si injini yenyewe ni ya kupiga kelele? Kwa kila mzunguko pistoni inakwenda na kurudi, milimita 86 mara mbili. Kwenye raundi 7,600 wastani wa mwendo wake ni karibu mita 21.8 kwa sekunde. Kwenye 8,500 ni mita 24.4. Siyo ongezeko la kutisha, mpaka ukumbuke kwamba nguvu inayoivuta konrodi kila pistoni inapogeuka juu inapanda kwa mraba wa raundi. Raundi zimeongezeka kwa asilimia 12, mvuto kwenye konrodi na boliti zake umeongezeka kwa asilimia 25. Honda S2000 ya kwanza ilikwenda hadi 9,000 ikiwa na pistoni inayotembea milimita 84, ikipita mita 25 kwa sekunde, lakini Honda waliweka pistoni na konrodi za metali iliyofuliwa kwa kazi hiyo. Na hapo bado kuna jambo la wazi zaidi: toki ya BEAMS inaanza kuporomoka kabla ya 7,600. Ukiizungusha zaidi bila kubadilisha kamshafti na spring za valvu, unaizungusha mahali ambapo haina hewa ya kutosha. Kelele utapata. Mwendo hautaongezeka.

Kazi yenyewe, na saa

Tuliigawa mara mbili ili kila hatua ijisemee.

Hatua ya kwanza ilikuwa kurudisha. Tangi lilisafishwa, plagi zikawa mpya, koili ya pili ikabadilishwa. Kaboni iliondolewa kwa dawa kupitia manifoldi, kidogokidogo, bila kufungua kichwa. Oili ikawa 5W-30, baada ya kuisafisha injini na kubadilisha kichujio cha VVT-i. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwa kuwa hakuna aliyejua umri wake. Masega mapya ya ukubwa uleule yalifungwa. Wapo watakaosema ungeyatoa tu uache bomba tupu, na wanunuzi wa masega chakavu hawakosekani. Lakini masega mazima hayazuii kitu cha maana kwenye injini ya nguvu farasi 200, na bomba tupu linakupa harufu ndani ya gari na kelele inayomwamsha trafiki. Rejeta ilipigwa maji. Boksi la hewa la kiwandani, ambalo mwenye gari kwa bahati hakulitupa, lilirudishwa pamoja na bomba lake linalovuta hewa mbele ya gari. Kipimajoto kilishuka kutoka nyuzi 58 hadi 34. Hewa ya nyuzi 58 ni nyepesi kwa asilimia 7 kuliko ile, kwa hiyo ile koni ya "michezo" ilikuwa inamnyang'anya nguvu kila siku akiwa kwenye foleni.

Hatua ya pili ilikuwa kuongeza, ndani ya mipaka ya injini. Manifoldi ya ekzosi ya mabomba manne yanayoungana mawili mawili kabla ya kuwa moja, iliyotumika Japani, tuliipata Dar es Salaam. Rimu za 17 zilirudi. Tulifunga kompyuta ya nyongeza inayorekebisha petroli na moto wa plagi, pamoja na sensa pana ya oksijeni ya kutuonyesha mchanganyiko. Ukikanyaga hadi mwisho tuliulenga 12.8, yaani kilo 12.8 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Moto wa plagi tuliuongeza nyuzi moja moja, na kila dalili ya kugonga ilipojitokeza tulirudi nyuma nyuzi mbili na kuacha hapo. Hapa mwinuko ulitusaidia kidogo: hewa ikiwa pungufu, presha ndani ya silinda nayo ni ndogo, hivyo petroli yetu ya kawaida inavumiliwa kuliko ambavyo ingevumiliwa pwani. Akishuka na gari hili Dar, ile ramani inapaswa kuangaliwa upya, na hilo tuliliandika kwenye kibandiko chini ya boneti. Ukomo wa raundi haukuguswa.

Hatukuwa na dainamomita, mashine ya kupimia nguvu za gari. Tulitumia kifaa cha GPS na kipande cha barabara kilichonyooka nje ya makazi, alfajiri, tukienda na kurudi ili mteremko na upepo vifutane. Gia ya pili, kutoka kilomita 54 kwa saa hadi 97, ambayo ni mita 15 hadi 27 kwa sekunde. Gari na watu wawili ndani tulilihesabu kilo 1,500. Nusu ya uzito mara tofauti ya miraba ya mwendo ni jouli 378,000. Ukizigawa kwa sekunde zilizotumika unapata wastani wa nguvu iliyolisukuma gari kweli, baada ya giaboksi, matairi na upepo kuchukua chao. Siyo nguvu farasi za brosha, kwa hiyo usizilinganishe na 210, lakini zinalinganishwa zenyewe kwa zenyewe bila kudanganya.

Siku lilipoingia lilitumia sekunde 6.1, wastani wa kilowati 62. Baada ya hatua ya kwanza, sekunde 4.7, kilowati 80. Baada ya hatua ya pili, sekunde 4.3, kilowati 88.

Ongezeko la kwanza ni asilimia 30, na hakuna hata nguvu farasi moja pale iliyo mpya, zote zilikuwa zake. La pili ni karibu asilimia 9. Ukiangalia risiti, lile la asilimia 9 ndilo lililokula sehemu kubwa ya pesa, kwa sababu ya ile kompyuta na manifoldi. Jumla yote haikufika nusu ya makadirio ya turbo. Kwa maoni yangu angeweza kuishia hatua ya kwanza akalala usingizi, ila nakubali kwamba manifoldi ile imeipa injini sauti na uchangamfu kati ya raundi 5,500 na 7,500 ambavyo namba za GPS hazivisemi vizuri.

Turbo bado anaitaka, hajaficha. Nilichomwambia ni kwamba akiamua, njia mbili zinazoeleweka ni kuanza na injini iliyozaliwa na turbo. Moja ni 3S-GTE ya Caldina, ambayo kwenye Caldina imelala kwa upana wa gari na kwenye Altezza lazima ikae kwa urefu. Kwa hiyo sampo (bakuli la oili chini ya injini), njia za maji na manifoldi zote zinabadilika, na ni kazi ya fundi wa kuchomelea mwenye subira. Nyingine ni 1JZ-GTE pamoja na giaboksi yake, nguvu farasi 280 za kiwandani, ikiwa nzito zaidi puani. Kwa vyovyote breki za sasa hazitoshi, na giaboksi ya gia sita iliyomo ina sifa ya kutopenda toki kubwa. Bajeti ikianzia kwenye injini na kuishia kwenye injini, bado haijawa bajeti.

Kwa sasa gari linarudi kila sevisi ya oili, na kila likirudi tunapima silinda ya nne peke yake, injini ikiwa ya moto, throto ikiwa wazi, kwa geji ileile. Mara ya mwisho ilisoma 163. Ikishuka chini ya 150 tutafungua, na pistoni zikiwa mezani ndipo mjadala wa kompresheni, wa 11.5 au chini yake, utakuwa na kitu cha kushika mkononi. Petroli anaweka sheli.